Ukimya wa Shangazi

Nina wivu. Nalisema mwenyewe mapema kabla hamjaambiwa na wifi yangu, ingawa najua wifi hawezi kuwaambia, na hilo nalo ni mojawapo ya mambo yanayoniudhi kwake. Watu husema wivu ni ugonjwa wa vijana. Mimi nina miaka sitini na mmoja na ninao wa kugawa.

Wengi wenu mlikuwa wadogo, au hamjazaliwa kabisa, redio ilipokuwa ikitoa mchezo wa Chombo Kumi na Moja, kila Jumapili saa tisa alasiri. Watu mia mbili wamo ndani ya chombo cha angani, wanaitafuta nyota ya kuhamia, na ule mtambo unaowaendesha, unaowapimia hewa na kuwagawia maji, wanauita Shangazi. Shangazi hakuwa na mwili. Alikuwa sauti tu, na sauti hiyo ilikuwa yangu. Miaka sita mizima. Nilikuwa naingia sokoni, nauliza bei ya nyanya tu, muuzaji anaacha kupima ananiambia, "Shangazi, hewa imebaki ya siku ngapi?" Nikimjibu kwa sauti ya Shangazi ananiongezea mbili juu ya fungu.

Na kilichowamaliza watu hasa kilikuwa ukimya. Shangazi akiulizwa swali zito, hajibu papo kwa papo. Nahodha anauliza, "Shangazi, tutafika?" Kimya. Moja, mbili. Ndipo anasema, "Mtafika. Si wote." Jirani yangu aliniambia kwake kijiko kilikuwa kinabaki hewani mpaka nijibu. Gazeti moja liliandika kwamba ukimya wa Shangazi una akili kuliko maneno ya waigizaji wengine wote. Nililikata lile gazeti. Ninalo mpaka leo, kwenye bahasha ya vyeti.

Sasa niwape siri ambayo wakati ule tuliijua watu watatu. Studio yetu ilikuwa na kipaza sauti kimoja kwa waigizaji wanne, na fundi mitambo alikuwa na amri moja tu: mtu asigeuze karatasi mwenzake anapozungumza, maana kipaza sauti kile kilikuwa kinasikia mpaka tumbo la mtu likinguruma. Unageuza zamu yako ikifika, polepole, karatasi ukiiweka mbali na mdomo. Na mpiga chapa wetu, binti mmoja mkimya, alikuwa na tabia yake. Hakupenda jibu zito la Shangazi likatike katikati, nusu ukurasa huu, nusu ukurasa ule. Kwa hiyo likikaribia mwisho wa karatasi, analiacha, analianza juu ya ukurasa mpya. Basi nahodha akishauliza, mimi nageuza. Polepole. Moja, mbili. Ndiyo hiyo akili iliyosifiwa gazetini.

Siku gazeti lilipotoka, fundi mitambo alicheka mpaka akashika meza. Nikamwambia afunge mdomo. Mpiga chapa hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Basi dada, tuseme ulikusudia." Nikasema nilikusudia. Nikawaambia hivyo waandishi, majirani na wanangu, na baada ya miaka kadhaa nikajiambia na mimi, nikaamini. Fundi mitambo akafariki, Mungu amrehemu. Mpiga chapa akaolewa na kaka yangu, akawa wifi yangu. Tukabaki wawili wenye siri, na hatukuitaja tena hata siku moja.

Mchezo ulipoisha redio ilipunguza watu, nikapata kazi ya mapokezi hospitalini. Nakaa nyuma ya kioo, mbele yangu kuna kipaza sauti kidogo, naita wagonjwa. "Nambari themanini na tatu, dirisha la pili." Kazi ni kazi, silalamiki. Lakini mara moja kwa mwaka, mara mbili ukiwa mwaka mzuri, anatokea mtu mzima kwenye foleni akisikia ananyanyua kichwa. Anakuja mpaka kwenye kioo ananong'ona, "Wewe ni Shangazi?" Siku hiyo nikirudi nyumbani huwa sihitaji chakula.

Basi mwaka jana kikasikika kishindo. Kijana mmoja mtayarishaji amepata ruhusa ya kukitengeneza upya Chombo Kumi na Moja, kiwe cha kusikilizwa kwenye simu. Nikaacha maji baridi. Nikawa nakohoa asubuhi kusafisha koo, nikipanga nguo naisema ile "Mtafika, si wote," kuangalia kama bado ipo. Ipo. Nikasubiri simu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikajipa moyo kwamba vijana hawa mambo yao huenda taratibu.

Jumapili moja nilikwenda kula kwa kaka. Wifi alikuwa anapakua wali, mgongo kanipa, akasema, "Wifi, wamenichukua."

"Wamekuchukua nani, wapi?"

"Wale wa Chombo. Wanataka niwe Shangazi."

Kaka yangu alianza kukoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. Wifi akaeleza, haraka haraka, kwamba aliwapelekea nakala za zamani, zile alizozihifadhi sandukuni, wakamwomba asome ukurasa mmoja wausikie unavyokwenda, kisha wa pili, kisha wakamzuia asiondoke. "Nilidhani wamekwisha kuzungumza na wewe," alisema. "Nikiwauliza wanasema wanataka sauti ambayo watu hawaijui."

Sauti ambayo watu hawaijui. Karani wa shule mstaafu, mwanamke ambaye kwenye harusi akipewa kipaza sauti anakisogeza kwa jirani. Nilimwambia hongera. Niliitoa kwa shida, na ule wali sikuuona umekwenda wapi. Njiani nikalia, na mtu akiniuliza leo nitasema lilikuwa vumbi.

Kisha nikawagundua Abiria. Ndivyo wanavyojiita wapenzi wa mchezo ule. Wana kundi lao kwenye simu, watu mia saba na ushee, na anayeingia hatumii jina lake, anachagua kiti. Kiti cha Tatu, Kiti Arobaini, na kadhalika, kama abiria wa chombo chenyewe. Nikaingia na mimi. Nikajiita Kiti Themanini. Sikusema mimi ni nani.

Ilipotoka sehemu ya kwanza, Abiria wakashikana mashati. Maana mtayarishaji alikuwa amempa Shangazi mwili. Shangazi sasa ana miguu ya chuma, anatembea koridoni, anakaa na watoto wa chombo. Anacheka. Sehemu ya pili akaomba msamaha.

"Shangazi haombi msamaha," aliandika Kiti Kumi na Nne, mtu mkali, mwenye rekodi zote za zamani. "Shangazi anakata hewa ya watu kumi ili mia waishi, halafu anakuambia saa ngapi. Huyu ni yaya."

"Kwani yaya ana ubaya gani?" alijibu Kiti cha Tatu, ambaye nilikisia ni mwanamke mzima. "Mia mbili wamelelewa naye miaka yote. Ulitaka asiwapende?"

"Alikuwa anawapenda bila kusema. Ndiyo ilikuwa raha yake."

"Raha yako wewe. Mimi nikiwa mtoto nilikuwa namwogopa mpaka naomba tuzime redio."

Nami nikatia kuni. Kiti Themanini hakulala bila kuchomeka neno. Nikaandika sauti mpya ni nyembamba. Nikaandika huyu mama anasoma kama anaita mahudhurio darasani. Wengine wakaweka vikatuni vya kicheko, na kila kikatuni kilinifanyia vizuri mwilini, sitadanganya. Wifi wangu huyo huyo, aliyeniuguza hospitali siku tisa nilipotolewa uvimbe. Nilikuwa nalikumbuka hilo, na bado naandika.

Halafu mtayarishaji akatangaza: baada ya sehemu ya tatu Abiria wote waje ukumbi wa maktaba, Jumamosi saa nne asubuhi, waseme wanavyoona. Bado sehemu tisa hazijarekodiwa. Wakimkataa Shangazi, atabadilishwa. Na Shangazi wa zamani atakuwepo, mgeni wa heshima. Jioni ile ile akanipigia simu kunialika, sauti ya adabu, akaongeza, "Lolote linaweza kutokea, mama."

Ningenyamaza tu, mambo yalikuwa yanakwenda yenyewe. Nusu ya Abiria walikuwa wameshamchoka yule wa miguu. Lakini Jumatano mchana, niko kwenye chumba cha kukunjia mashuka, ndipo tunapolia chakula sisi watu wa mapokezi, nikafungua simu nikakuta Kiti cha Tatu ameandika: "Jamani, tugombane tunavyotaka, ila ukimya anaujua. Ni ule ule wa zamani. Sijui kaupataje." Chini yake watu wanakubali, wa upande huu na wa upande ule. Hata Kiti Kumi na Nne akaandika, "Ukimya nampa."

Nampa. Ukimya wangu anagawiwa mtu mwingine nikiwa hai, nina kijiko mkononi. Damu ikanipanda. Nikaandika bila kuvuta pumzi:

"Msidanganyike. Huyu anaiga kitu asichokielewa. Ule ukimya haukuwa wa kuwaza. Ilikuwa karatasi inageuzwa, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimoja. Leo anasoma kwenye skrini, anageuza nini? Ni uigizaji wa bandia."

Nikatuma, nikajiona nimemmaliza. Nilikuwa nimeshakunja shuka mbili za watu wengine ndipo nikafikiri nimeandika nini.

Nusu saa ikapita. Kisha Kiti Kumi na Nne akaweka kipande cha rekodi ya zamani, amekipandisha sauti. Nahodha: "Tutafika?" Na ndani ya ule ukimya, mtu akisikiliza kwa makini, kuna kitu kinafanya shwaa, kidogo sana. "Nimesikiliza majibu ishirini na sita," aliandika. "Karatasi ipo katika kumi na tisa. Kiti Themanini anasema kweli. Miaka yote hii tumeabudu ukurasa." Na Kiti cha Tatu akajibu, "Basi fikirini. Wa zamani alinyamaza kwa sababu ya karatasi. Huyu hana karatasi na bado ananyamaza. Huyu ananyamaza kwa sababu Shangazi lazima anyamaze. Mimi nimemaliza, Shangazi ndiye huyu." Watu mia tatu na kitu wakamwekea moyo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimekichimba kirefu, tena mchana kweupe. Na hapo sijagusa lililo baya zaidi: aliyeandika yale maneno angeweza kuwa mmoja wa watu wawili tu duniani, na mmoja wao hawezi kujisema mwenyewe. Wifi alikuwemo kwenye kundi. Nilijua, kaka alishaniambia huwa anasoma yote na kulia jikoni.

Jumamosi nilifikiria kuugua. Nikaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, viti vya plastiki mpaka mlangoni, watu wamejibandika vifuani vipande vya karatasi vyenye namba za viti vyao. Wifi alikuwa mstari wa mbele na kaka. Aliniona, akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. "Nilikushikia, wifi," alisema. Hakuna lingine. Nikakaa. Kaka yangu aliangalia dari muda wote, mwanamume mwenye wanawake wawili na hana pa kuangalia.

Wakabishana saa nzima. Miguu ya chuma ibaki au iondoke. Je, mtambo unaweza kujuta. Kiti cha Tatu kumbe ni fundi cherehani mnene mwenye sauti ya kuchekesha. Na Kiti Kumi na Nne, alipoinuka, nikataka kuzama: yule mfamasia wa ghorofa ya pili, anayepita mbele ya kioo changu kila asubuhi, miaka minane, bila hata salamu.

Mfamasia akamwelekea wifi. "Mama, tumeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unapiga chapa kurasa zile. Tunaomba utuambie ukweli. Ukimya wa Shangazi wa zamani ulikuwa karatasi, ndiyo au hapana?"

Wifi alikuwa ameweka mikono mapajani, mitupu. Hakujibu. Nikajikuta nahesabu. Moja, mbili.

"Hapana," alisema.

Ilikuwa sauti ya Shangazi, ile ile, nyembamba kuliko yangu lakini ile ile.

"Lakini mama, karatasi inasikika."

"Karatasi ni yangu. Nilikuwa nakaa nyuma yake nikisahihisha kurasa za wiki ijayo. Fundi mitambo alikuwa ananigombeza kila siku. Yeye majibu yake alikuwa anayashika kichwani, mkononi hana kitu. Alinyamaza kwa kuwa alijua Shangazi angenyamaza. Mimi nimejifunza kwake. Ninachokifanya ni kuiga."

Hamjasikia mtu akidanganya vizuri namna ile. Hakupepesa. Mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi, kisha safu nzima, kisha wakasimama. "Arudi," mtu alisema. "Kama ni hivyo, arudi mwenyewe." Wengine wakadakia, arudi, arudi. Mfamasia yule asiyesalimia akaniinamisha kichwa. Na mtayarishaji, kijana wa watu, anaangalia upande huu na upande ule, akaona upepo umegeukia wapi. Akaja mbele yangu na kipaza sauti.

"Shangazi," aliniambia. "Wakikuomba urudi, utarudi?"

Ndicho nilichokuwa nakitaka mwaka mzima. Kilikuwa kimeletwa mpaka mkononi, kina joto la mkono wa kijana. Nilimtazama wifi. Alikuwa anatazama mbele na kutabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayengojea sindano. Alijua Kiti Themanini ni nani. Alikuwa amejua tangu Jumatano, akaja, akanishikia kiti.

Sikunyamaza hata kidogo. Pengine ndiyo mara pekee nimejibu swali zito papo hapo.

"Ilikuwa karatasi," nikasema. "Kurasa zilikuwa zinakatwa na huyu hapa, ili jibu lisivunjike. Mimi kazi yangu ilikuwa kugeuza. Sikuwahi kukariri kitu. Na Kiti Themanini ni mimi."

Nikamwekea wifi kipaza sauti mapajani, juu ya ile mikono mitupu, nikakaa.

Wakapiga makofi tena, tena zaidi. Kaka yangu akafuta macho kwa kiganja. Fundi cherehani akaja kunikumbatia, akasema mioyo kama yangu imebaki michache, akasema nimeonyesha ukubwa. Wifi akabaki Shangazi, kwa kura nyingi, na miguu yake ya chuma.

Nawaomba msinivishe kilemba cha ukoka. Ukubwa haukuwepo pale. Alikuwa ameshanishinda kwa sauti, na hilo nililisikia kwa masikio yangu, moja, mbili. Halafu anataka kuitupa kazi yake mbele ya watu mia tano ili mimi nibaki na uongo wangu, anishinde na kwa roho. Yote mawili, kwa siku moja, nimekaa kwenye kiti alichonishikia yeye. Sikuweza. Mtu ana kiasi chake.

Sehemu ya nne tuliisikiliza pamoja kwao, Jumapili, baada ya kula. Nahodha mpya akamuuliza Shangazi kama anaogopa. Kimya kikaingia, na nilipoangalia chini, mkono wangu ulikuwa umeshageuka juu ya kitambaa cha meza, polepole, mbali na mdomo. Wifi aliuona. Akajifanya hakuuona, akaendelea kukusanya sahani. Hilo nalo nimelihesabu.